Miguu ya Samadari

Ijumaa ile Ramadhani alikwenda msikitini jicho lake la kushoto limevimba mpaka halifunguki, na kila aliyempa mkono alitaka kujua amefikwa na nini. Alisema amejigonga mlangoni. Mtu ameingia na kutoka kwenye mlango huo huo tangu alipooa, leo ndio asiuone! Wanaume wa Milalani wana adabu zao. Walimwambia pole, mzee Ramadhani, wakatazama pembeni. Lakini adabu za msikitini huishia pale viatu vinapovaliwa, na kabla ya alasiri habari ilikuwa imezunguka Msambweni nzima kwamba Maimuna anampiga mumewe.

Na ni kweli alimpiga. Ilikuwa ngumi moja safi ya mkono wa kulia, mkono ule ule ambao mchana hauwezi kufunga kifungo cha gauni. Ila alikuwa amelala fofofo, na aliyekuwa akimpiga hakuwa Ramadhani. Alikuwa nyani.

Nyani huyo Maimuna anamjua vizuri. Alizaliwa Mkongani, na utoto wake mwingi aliumaliza juu ya dungu, kile kichanja cha miti ambacho mtu hukaa akilinda mahindi. Wenzake waliwaogopa nyani madume. Yeye alikuwa akishuka na kuwafuata kwa mawe mpaka mwisho wa shamba, akiwatukana matusi ambayo mama yake hakujua ameyatoa wapi. Sasa ana miaka sitini na moja, ana wajukuu, na nyani dume mmoja mwenye kovu puani amemrudia usingizini. Karibu kila usiku huja kuvunja mahindi, na karibu kila usiku Maimuna humkimbilia, hupiga kelele, hurusha mateke na ngumi. Anayelala pembeni yake ni Ramadhani.

Kuna jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Katika ndoto hizo miguu yake ni myepesi. Mchana huvuta hatua, mguu wa kulia ukibaki nyuma kwa ukaidi, na kikombe cha chai hufika mdomoni kimekwisha kumwagika nusu. Usiku anakimbia. Huamka amechoka, amempiga mtu asiyestahili kupigwa, ana aibu hata ya kumtazama usoni, na bado moyoni mwake kuna furaha kidogo kwamba amekimbia. Furaha hiyo ni yake, na hakuwa tayari kuiombea radhi.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye dole gumba. Maimuna ni mshonaji wa makuti; kazi yake ni kukunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona kwa kamba, na zipo hoteli huko Diani zilizoezekwa kwa makuti yake bila kujua jina lake. Siku moja dole gumba likaanza kucheza lenyewe. Akalikemea. Halikusikia. Mwisho binti yake Mishi, anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya huko, alimchukua kwa daktari. Daktari akamtembeza, akamkunja mikono, akamwandikisha jina lake kwenye karatasi, na kusema huu ni ugonjwa wa Parkinson. Hata zile ndoto za vita ni za ugonjwa huo. Mtu mwingine anapoota, alieleza, mwili hufungwa usifanye yale anayoyaota. Kwako wewe kifungo hicho kimelegea.

"Ipo dawa ya kuniponya?" aliuliza Maimuna.

"Ya kuponya hakuna, mama. Ipo ya kukusaidia."

"Basi nipe hiyo inayosaidia, mwanangu, tusicheleweshane."

Alipewa vidonge, na akapewa maneno. Asinywe chai ya rangi jioni. Mchana alale kidogo, asilale sana. Asubuhi atembee kwenye jua. Visu, chupa na meza zenye ncha viondolewe karibu na kitanda. Na kitanda kishushwe. Hapo Maimuna na Ramadhani walitazamana, kwa sababu kitanda chao hakikuwa cha kushushwa hivi hivi.

Ilikuwa samadari ya mvule, miguu yake imekerezwa, aliyokuwa akilalia mama yake Ramadhani, na imeinuka kiasi kwamba mtu huipanda kwa kibago, kile kigoda kidogo cha kukanyagia. Bi Twaiba, dada mkubwa wa Ramadhani, alimkabidhi mdogo wake siku ya arusi kwa sharti kwamba isiguswe hata msumari. Mpaka leo akija kuwatembelea huipitishia mkono kwanza, ndipo awajulie hali wenyeji. Maimuna amekwisha kuanguka kutoka juu yake mara mbili, na mara ya pili alivunjika mfupa wa mtulinga. Kila akianguka, Ramadhani husema, "Nitazungumza na dada." Ramadhani alikuwa dobi wa hoteli mpaka alipostaafu, amekunja mashuka ya wageni wasio na idadi, na hajawahi kuzungumza na dada yake jambo ambalo dada yake hakulianzisha mwenyewe.

Maimuna hakungoja mazungumzo hayo. Kama usiku umeamua kumfanyia vitimbi, alisema, basi na yeye atafanya vyake. Kugeuka kitandani kulikuwa kumemshinda: akitaka kulala ubavu wa pili mwili hukataa, akabaki chali anatazama boriti mpaka adhana ya alfajiri. Mishi akamletea gauni la satini linaloteleza. Maimuna alicheka kwamba uzeeni amekuwa bibi arusi, akalivaa, na akageuka. Halafu akajisokotea kamba nene ya usumba wa nazi, akaifunga upande wa miguuni, ili akitaka kuinuka ajivute kwayo. Ilimchukua muda mrefu kuisokota kwa vidole visivyosikia, na kila uzi aliufokea. Mchana usingizi ulipomvamia makuti yakiwa mapajani, aliupa saa yake: baada ya adhuhuri analala, ikiadhiniwa alasiri anaamka, macho yatake yasitake. Na katikati ya samadari aliweka mto mrefu wa kumkinga Ramadhani. Mto huo ndio uliorushwa kwanza, usiku wa kuamkia Ijumaa ile. Ngumi ilifuata.

Bi Twaiba alifika Jumamosi asubuhi, kutoka kwake Bomani, na harufu ya udi ikamtangulia mlangoni.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Na huo mlango wenyewe uko wapi, niutazame?"

Ramadhani akainamia kikombe chake.

Bi Twaiba ni mwanamke wa mwendo wa taratibu na maneno ya haraka. Si mtu mbaya. Maimuna mwenyewe atakwambia kwamba Mishi alipougua surua, ni wifi huyu aliyekesha naye. Lakini akishaamua kwamba anajua jambo, hata daktari hana la kumwongeza. Alikaa, akakataa chai, akayasema yote kwa mara moja.

"Mwanamke hampigi mumewe usingizini hivi hivi. Umekaliwa na pepo, Maimuna. Hayo makelele si yako na huo mtetemeko si wako. Mama yetu alilala juu ya samadari ile mpaka Mungu alipomchukua, hakuanguka hata siku moja. Kwani samadari imekuwa punda, iangushe watu?"

"Wifi, daktari amesema..."

"Daktari amesema hauponi. Basi hajui. Mimi nina mambo mawili. Ama tukuitie fundi wa ngoma, pepo asemeshwe, ijulikane anataka nini. Ama ukapumzike kwa kaka yako Chirau, huko Mkongani, mpaka upoe. Na Ramadhani tutamtafutia mtu wa kumpikia."

Mtu wa kumpikia! Maimuna alimtazama mumewe asikie atasema nini. Ramadhani alikuwa akizungusha kikombe kwenye kisahani, jicho moja limefumba.

Maimuna aliwajua wanawake waliokwenda kupumzika kwao. Aliwahi kuwatembelea: wamelazwa chumba cha uani, wanaletewa chakula, wanaulizwa hali kwa sauti ya juu utadhani ni viziwi, na katika nyumba walizoziacha kuna mwanamke mwingine anayejua chumvi inakaa wapi. Mpaka upoe, ndivyo wote walivyoambiwa. Na ugonjwa wake hauponi. Kwa hiyo alimwelewa wifi yake sawasawa: akitoka katika nyumba hii, hatarudi tena. Hasira ilimpanda mpaka mkono ukazidi kutetemeka, na hilo nalo likamkasirisha, kwa sababu Bi Twaiba aliutazama mkono na kutikisa kichwa.

"Leteni ngoma," alisema Maimuna.

Mchana ule ule Mishi alipiga simu, amekwisha kupata habari. "Mama, wewe? Si ulimsikia daktari kwa masikio yako!"

"Nilimsikia. Sasa nataka wao wanisikie mimi, na humu ndani naona mtu hasikiwi mpaka ipigwe ngoma."

Ilipigwa Alhamisi alasiri, uani. Sheikh wa msikiti hazipendi ngoma hizi, na Bi Twaiba anajua kwamba hazipendi, ndiyo maana hakumwuliza. Fundi, ndivyo anavyoitwa mtu wa kusema na pepo, alikuwa Bi Kahaso, mwanamke mkavu mwenye sauti nene kutoka upande wa Kinango. Mkeka aliutandika Bi Twaiba kwa mikono yake. Chetezo kikatiwa ubani, majirani wakajaa, wachache kwa huruma na wengi kwa kutaka kuona, na Ramadhani akakaa kizingitini na jicho lake ambalo sasa lilikuwa na rangi ya zambarau mbivu.

Kawaida ya shughuli hii inajulikana. Ngoma hupigwa mpaka pepo apande kichwani mwa mgonjwa. Akishapanda huulizwa jina lake, kwao wapi, na anataka nini. Na anachotaka hupewa. Maimuna ameyaona hayo tangu utotoni. Amewaona wanawake ambao hawakuthubutu kumwomba mume hata kipande cha sabuni wakifunikwa kitambaa, wakabadilisha sauti, wakadai pete na kanga na marashi, na mume akatoka mbio kwenda dukani. Pepo ana heshima zake. Tangu Jumamosi alikuwa akiliwaza hilo. Angeweza kubadilisha sauti na hakuna ambaye angejua. Lakini kila alipoijaribu sauti hiyo kichwani mwake aliikataa. Ugonjwa umekwisha kumchukulia mkono, na mguu, na usingizi. Ulimi wake hatamkopesha mtu.

Alifunikwa kitambaa cheupe, ngoma zikaanza. Mkono wake ukatetemeka, vile unavyotetemeka kila siku akikaa bure, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Amepanda!" alisema Bi Twaiba.

Bi Kahaso akanyamazisha ngoma, akasogea. "Karibu, mgeni. Tupe jina lako."

"Maimuna binti Abubakar."

"Simwulizi mwenye mwili, mwanangu. Namwuliza aliyemkalia."

"Hajanikalia mtu. Nimekaa mimi." Akakivua kile kitambaa, akajitengeneza mtandio wake vizuri. "Lakini ulizeni maswali yenu yote. Nitayajibu."

Watoto waliokuwa juu ya ukuta waliacha kusukumana. Bi Kahaso, kwa kuwa ni mtu wa kazi na hapendi kazi iharibike katikati, akaendelea. "Kwenu wapi?"

"Nilizaliwa Mkongani. Kwangu ni hapa Milalani, nyumba hii, na sitoki."

"Na unataka nini?"

"Nataka miguu ya samadari ikatwe."

Bi Twaiba alitoa sauti isiyokuwa neno. Maimuna hakumpa nafasi. Sauti yake siku hizi ni ndogo, ugonjwa umeipunguza, na watu walilazimika kuinama ili wamsikie, basi wakainama.

"Ikatwe yote minne, nikianguka nianguke karibu. Nataka mkeka mnene pembeni. Nataka mume wangu alale chumba hicho hicho, kwenye godoro lake, mbali na ngumi zangu, lakini asikie nikiita. Nikipiga kelele asinitikise. Aniite jina langu polepole mpaka nirudi. Nikilala mchana pasiwe na mtu wa kusema nimekuwa mvivu. Na huko nje muwaambie ni kweli nimempiga, na kwamba nilikuwa nampiga nyani, na atakayecheka aje alale mahali pa Ramadhani usiku mmoja tu."

Kuna aliyecheka hapo hapo. Maimuna mwenyewe nusura acheke.

"Huyo ni pepo!" Bi Twaiba alikuwa amesimama. "Nani kama si pepo atataka kukata kitanda cha mama yangu?"

"Angekuwa pepo ungekwisha kumpa, wifi. Pepo wa jirani yako alitaka pete, ukavua yako kidoleni ukatoa. Mimi nimeishi nawe tangu sina mvi hata moja, na sijakuomba kitu. Leo naomba kwa mdomo wangu na akili zangu, na jina langu nimelitaja mbele za watu. Pepo amenizidi nini, hata yeye apewe na mimi nipelekwe Mkongani?"

Bi Twaiba alimgeukia fundi, akitumaini ngoma zitaanza tena. Bi Kahaso alikuwa amekaa chini, anajipepea kwa ncha ya kanga.

"Mkeka huu umeutandika wewe, Bi Twaiba," alisema. "Kilichoombwa mkekani hutolewa. Mimi sikufundishwa kumkagua mwombaji kama ana pembe."

Wanawake wakaangua kicheko, na safari hii hakuna aliyejizuia. Bi Twaiba, aliyezoea kuwa upande wa wanaocheka, akamtafuta ndugu yake. "Ramadhani! Sema na mkeo."

Ramadhani aliinuka kizingitini, akaingia ndani. Maimuna alikuwa amestahimili ngoma, na ubani, na macho ya watu wote hawa. Lakini kwamba mumewe amemkimbia hata leo, hilo lilimchoma, na kwa mara ya kwanza siku ile alihisi machozi yanakaribia. Ndani kukasikika vyombo vikisukumwa, na kitu cha bati kikianguka. Kisha Ramadhani akatokea tena mlangoni, ameshika msumeno.

"Dada," alisema, na sauti ilimtoka juu kidogo kwa kutozoea, "mama alikuwa akiipanda samadari ile kwa kibago, na akiilaani kila usiku. Wewe ulikuwa umekwisha kuolewa, hukumsikia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kibago."

Walioitoa samadari ndani na kuileta uani ni majirani wale wale waliokuja kumwona pepo. Waliipindua, miguu ikatazama juu, na Ramadhani akachora mstari wa mkaa kwenye kila mmoja. Mvule ni mti mgumu. Aliukata mguu wa kwanza akitweta, wa pili akavua kofia, wa tatu akavua shati, na alipofika wa nne mkono wake ulikuwa hautaki tena.

"Nipe," alisema Maimuna.

"Mama Mishi, utajikata."

"Mkono huu umekataa kutulia tangu mwaka juzi. Basi na ufanye kazi."

Aliushika msumeno kwa mikono miwili. Ulikwama, ukateleza, ukaparuza mahali pasipotakiwa, akaurudisha, na katika watu wote wale hakuna aliyethubutu kumpokea. Aliyesogea ni Bi Twaiba. Aliinama kwa taratibu zake zile zile, akaukumbatia mguu wa samadari ya mama yake ili usitikisike. "Fuata mstari," alisema kwa ukali, na machozi yakimtoka. "Ukienda upande itayumba, na tutakuwa tumeiharibu bure." Maimuna akafuata mstari, kadiri mkono ulivyokubali. Mguu ulipoanguka, Bi Twaiba aliuokota, akaufunga katika kanga yake, akaondoka nao bila kuaga.

Alfajiri iliyofuata Maimuna alisikia jina lake likiitwa kutoka mbali, upande wa pili wa mahindi. Maimuna. Maimuna. Sauti haikuwa na haraka. Akaifuata, akafumbua macho. Alikuwa chini, juu ya mkeka, mguu mmoja umebaki kitandani na gauni la satini limemzunguka kiunoni. Alijipapasa bega, akajipapasa kichwa. Hakuna palipouma. Ramadhani alikuwa ameketi juu ya godoro lake karibu na dirisha, na macho yake yote mawili yalikuwa wazi.

"Umeumia?"

"Sikuumia." Alibaki pale pale kwenye mkeka akihema, jasho linamtoka, na adhana ikaanza. "Nimemkimbiza mpaka mwisho wa shamba, baba Mishi," alisema. "Leo nimemshika mkia."